Doa la biriani kwenye hariri: usiiguse Jik

Msomaji wetu wa Tanga ameandika: "Shikamoo. Nilivaa gauni langu la hariri la rangi ya samawati kwenye harusi ya mpwa wangu, biriani ikanimwagikia mapajani. Nilipofika nyumbani nikalisugua doa kwa sabuni ya mche, likageuka jekundu kama damu. Ushungi wangu wa shifoni nao umeingia chai ya maziwa, na kanzu nyeupe ya mume wangu ina rangi ya mdomo begani, mashangazi walivyomkumbatia. Jirani ananiambia niloweke vyote kwenye maji ya moto yenye Jik kidogo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu."

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuloweka.

Huo wekundu usikutishe. Ni manjano ya kwenye biriani yamekutana na sabuni. Manjano yana tabia hiyo: yakiguswa na kitu chenye magadi, na sabuni ya mche ina magadi, hugeuka mekundu ya kahawia; yakiguswa na kitu kichachu hurudia rangi yake ya njano. Hata kwenye maabara za shule karatasi iliyopakwa manjano hutumika kupima maji kama yana alkali, yaani ule ukali wa magadi. Kwa hiyo gauni halijaungua, wala hakuna doa jipya. Ni lile lile, limebadilika sura tu.

Kinachonitia hofu ni ushauri wa jirani. Katika kazi hii ya kusafisha nguo za watu, hariri nyingi ninazoletewa zikiwa zimekwisha haribika hazikuharibiwa na doa. Ziliharibiwa na dawa ya doa, na haraka ya mwenye nguo. Doa la biriani linaweza kukaa wiki mbili na bado likapungua. Hariri iliyoingia Jik hairudi.

Sababu ni hii. Hariri ni protini, imetengenezwa na kiwavi, na kwa maumbile yake inakaribiana na nywele zako na manyoya ya kondoo. Jik huyeyusha protini. Chovya kipande cha uzi mweupe wa hariri kwenye Jik utaona kinaanza kuwa cha njano, kinalegea, na mwisho kinapotelea humo humo. Pamba nyeupe huvumilia Jik iliyozimuliwa. Hariri, sufu, kashmiri na pashmina halisi havivumilii hata kidogo. Sabuni za unga kali nazo zina magadi mengi, na nyingine zimetiwa vimeng'enya (enzymes) vya kula madoa ya damu na maziwa. Vimeng'enya hivyo havijui kutofautisha protini ya doa na protini ya nguo. Soma pakiti; ukiona imeandikwa vimeng'enya, iache kwa ajili ya mashuka.

Maji ya moto nayo yana madhara yake. Chai yako ina maziwa, na maziwa yakipata joto huganda ndani ya uzi kama yanavyoganda chunguni. Joto pia huchuja rangi ya gauni na kuifanya shifoni ijikunje. Kwa nguo laini, maji yawe ya baridi au ya vuguvugu kidogo tu, ambayo ukitia mkono huhisi joto wala baridi.

Na kufikicha, jambo ambalo mikono yetu imelizoea tangu utotoni, acha kabisa. Uzi wa hariri ukilowa hupungua nguvu, na nguo za viskosi au reyoni, zile baibui laini zinazoning'inia vizuri, hupungua zaidi; zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake zikiwa mbichi. Ukifikicha, vinyuzi vya juu hukatika. Nguo ikikauka unaona pale palipokuwa na doa pamekuwa na ukungu mweupe usiong'aa. Watu hudhani ni sabuni imebaki, wanafikicha tena. Kumbe ni uzi uliochanika, na hapo hakuna fundi wala dobi atakayepafanya pang'ae tena.

Kabla ya doa, tuijue nguo. Naomba usiruke hatua hii hata kama ulihakikishiwa dukani kwamba ni hariri. Satini ni namna ya kufuma, siyo aina ya uzi, na nguo nyingi zinazoitwa hariri Kariakoo na Mombasa ni satini ya poliesta. Siwalaumu wafanyabiashara, maana ndivyo jina lilivyozoeleka, lakini dawa zake ni tofauti. Tazama kwanza kibandiko cha ndani, pale kwenye mshono wa ubavuni. Beseni lenye mkono maana yake fua kwa mkono. Pembetatu iliyopigwa msalaba maana yake usitie dawa yoyote ya kung'arisha. Duara tupu au lenye herufi ni la drai klini, na beseni lililopigwa msalaba maana yake nguo isiingie majini.

Kama kibandiko kimekatwa, geuza gauni, tafuta upindo wa ndani ambapo fundi ameacha kitambaa cha ziada, uchomoe uzi mmoja. Ushike kwa koleo dogo juu ya sahani ya udongo, mbali na nguo, uwashe kwa kiberiti. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, moto huzimika wenyewe, na majivu yake ni meusi yanayosagika vidoleni. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, kisha huacha kitone kigumu cheusi ambacho ukikibonyeza hakivunjiki. Viskosi na pamba huwaka haraka, hunuka karatasi, na majivu yake ni ya kijivu, laini. Nguo iliyochanganywa nyuzi hutoa dalili mchanganyiko. Ukiona hivyo, itendee kama ile iliyo dhaifu zaidi kati ya hizo.

Kisha jaribu dawa yoyote mahali pasipoonekana, huko huko kwenye upindo. Tia tone moja, subiri kama dakika tano, bonyeza kwa pamba nyeupe. Pamba ikitoka na rangi ya nguo, dawa hiyo siyo ya nguo hiyo. Gauni la samawati ni la kuangaliwa sana hapa, kwa sababu hariri za rangi nzito huchuja.

Sasa biriani. Doa lako lina vitu viwili, pengine vitatu: mafuta ya samli, manjano, na huenda rangi ya chakula, maana biriani ya pwani wali wake mara nyingi hutiwa zafarani au rangi ya unga ya kuchanganya. Ukilishambulia lote kwa dawa moja utalitawanya. Tuanze na mafuta.

Liinue gauni likiwa kavu ulitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Pale penye mafuta panapitisha mwanga zaidi, kama kivuli kilichogeuzwa. Kama unapaona, laza gauni kwenye taulo nyeupe, nyunyiza poda ya mtoto au unga wa wanga wa mahindi, uwe kama kifuniko chepesi, usiukandamize. Uache usiku kucha. Asubuhi utikise, kisha uondoe uliobaki kwa brashi laini ya nguo, ukifuata upande mmoja. Ukiona unga umekuwa mzito na umeshikamana, basi umenyonya, rudia. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini kwa hariri ndiyo inayookoa, kwa sababu mafuta yametoka bila nguo kulowa na bila mkono kuisugua.

Mafuta yakipungua, chukua kikombe cha maji safi ya vuguvugu, tia matone machache ya shampuu ya watoto au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na rangi kali. Shampuu imetengenezwa kwa ajili ya nywele, na tumekwisha sema hariri inakaribiana na nywele. Haina ule ukali wa magadi. Geuza gauni ndani nje. Weka kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa upande wa usoni, chini ya doa, nawe ufanye kazi kwa upande wa nyuma, ili doa lisukumwe kutoka lilikoingia na lisivushwe nguo nzima. Chovya pamba kwenye maji ya shampuu, uikamue, kisha uguseguse: unabonyeza, unainua, unasogeza kidogo, unabonyeza tena. Anzia ukingoni mwa doa uje katikati. Kila mara sogeza kitambaa cha chini ili doa lipate mahali pakavu pa kuingilia. Utaona kitambaa kinapata njano hafifu. Hiyo ndiyo alama kwamba doa linahama.

Unajua sasa kwamba siki hurudisha manjano kwenye rangi ya njano, na utasikia wengi wakisema mwaga siki. Subiri kidogo. Hapa ndipo watu wenye ujuzi nusu huharibu hariri. Rangi nyingi za chakula, zile nyekundu na za machungwa za kwenye pakiti, hushika sufu na hariri vizuri sana penye uchachu na joto. Hivyo ndivyo baadhi ya mafundi wanavyotia rangi sufu, kwa rangi ya chakula, siki na moto. Ukiloweka gauni lenye rangi ya chakula kwenye siki kisha ukalipiga pasi, umelitia rangi kitaalamu kabisa.

Kwa hiyo pima kwanza. Zimua kijiko kimoja cha siki nyeupe kwenye glasi ya maji baridi, uguse pembe moja ndogo ya doa kwa kijiti cha pamba. Wekundu ukirudi njano papo hapo, ni manjano matupu, na unaweza kugusagusa doa zima kwa maji hayo ya siki, kisha ukasuuza. Ukibaki mwekundu au wa machungwa vile vile, ni rangi ya chakula. Ondoa siki mara moja kwa maji baridi na uendelee na shampuu peke yake, taratibu, hata kama ni kwa siku mbili tatu. Usitie kitu chochote cha moto hapo mpaka doa liishe.

Manjano yatakayobaki baada ya hayo yana adui mmoja mkubwa, nalo ni jua. Mwanga huvunja rangi ya manjano. Ndiyo maana nguo nyeupe zilizoingia bizari huanikwa zikiwa mbichi na doa hufifia lenyewe. Lakini jua hilo hilo hudhoofisha hariri na kupausha rangi ya samawati. Fanya hivi: chukua kitambaa kizito cheupe au karatasi ngumu, kata tundu la ukubwa wa doa, funika nalo gauni lililolazwa, doa peke yake litazame jua la asubuhi. Liwe limeloa kidogo maji safi. Kaa karibu, na kila baada ya kama nusu saa litazame. Likiwa limefifia kiasi cha kutoonekana mtu akisimama mbele yako, acha. Usingoje liishe kabisa, kwa sababu unaweza kuondoka na rangi ya gauni pia. Mimi ningekubali kivuli hafifu mapajani kuliko gauni lenye dirisha jeupe.

Mwisho wa kazi, suuza gauni zima kama kibandiko kinaruhusu maji. Sisemi suuza pale penye doa tu, kwa sababu hariri iliyoloa sehemu moja hukauka na duara la maji, na duara hilo linaudhi kuliko doa lenyewe. Ingiza gauni lote kwenye beseni la maji baridi, liinue na kulishusha, usilikamue. Na hapa niseme jambo la maji yetu. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye hariri huacha ukingo mweupe na kuifanya nguo iwe ngumu. Kama maji yako ni ya kisima, tumia maji ya kunywa au ya mvua safi kwa suuzo la mwisho. Gauni ambalo halikuwa na rangi ya chakula unaweza kulitilia kijiko kimoja cha siki kwenye lita nne za maji hayo ya mwisho. Huondoa mabaki ya sabuni, na hariri hurudisha mng'ao wake. Lililo na rangi ya chakula usilitilie siki.

Kama kibandiko kinasema lisiingie majini, ishia kwenye unga wa kunyonya mafuta, kisha upeleke drai klini. Ukifika, mwambie anayepokea: hapa pameingia biriani, pana mafuta na manjano, nilitia sabuni ya mche. Mwoneshe kwa kidole. Watu wanaona aibu kutaja walichokitia, na fundi anafanya kazi gizani. Mchanganyiko wa kemikali zake na ile uliyoiacha ndani ndio huleta maafa.

Ushungi wa shifoni ni kazi nyepesi, hasa kama ni wa poliesta, na mwingi ni wa poliesta. Chai ya maziwa ina rangi ya majani ya chai, ina protini ya maziwa, na ina sukari. Sukari ndiyo isiyoonekana. Ikikauka inapotea machoni, halafu siku ya kupiga pasi unaona duara la kahawia limetokea pasipojulikana. Soda nyeupe nayo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo hata kinywaji kisichoacha alama kisuuzwe siku ile ile. Pitisha maji baridi kutoka nyuma ya doa, yatiririke, kwa dakika kadhaa. Kisha guseguse kwa shampuu iliyozimuliwa ili utoe maziwa, suuza, halafu maji ya siki niliyoyataja, kwa ajili ya rangi ya chai. Suuza tena. Usianze na sabuni ya mche: sabuni za magadi hufanya rangi ya chai, kahawa na juisi za matunda ishike zaidi. Ukwaju, zambarau na komamanga vitendee kama chai bila hatua ya maziwa.

Kwa rangi ya mdomo kwenye kanzu, mambo ni mengine kabisa, kwa sababu hiyo ni nta na mafuta yaliyobeba rangi, na maji peke yake hayana kazi hapo. Kwanza kwangua iliyo juu kwa ubavu wa kijiko, polepole, bila kusukuma ndani. Kama kanzu ni ya pamba au poliesta, pata spiriti ya duka la dawa isiyo na rangi. Angalia hilo vizuri, maana ipo iliyotiwa rangi ya zambarau au samawati, nayo itakuachia doa la pili. Fungua madirisha, zima jiko, kisha laza bega la kanzu juu ya kitambaa cheupe, uguseguse kutoka nyuma kwa pamba yenye spiriti. Rangi itashuka kwenye kitambaa cha chini. Kisogeze kila mara, la sivyo unairudisha juu. Ikikoma kushuka, malizia kwa sabuni ya maji, usuuze. Fondesheni na wanja vitoe hivyo hivyo.

Ila kaa mbali na tarizi. Kanzu nzuri ina kazi ya mkono shingoni na kifuani, na uzi wake mara nyingine ni wa hariri au umetiwa rangi isiyovumilia spiriti. Jaribu kwa nyuma kabla. Na kama ni kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni, kishada hicho huwa kimepakwa mafuta ya udi au marashi mazito, nayo husambaa yakiguswa na spiriti. Kikunje pembeni ukifunge kwa mfuko mdogo wakati unafanya kazi. Mafuta ya udi yenyewe yakidondoka kifuani, unga wa wanga kwanza, kama kwenye biriani.

Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usiitie kwenye nguo yoyote usiyoijua. Vitambaa vya asetati, vinavyotumika sana kama bitana ya makoti na magauni, huyeyuka vikiguswa nayo. Unabaki na tundu ulilolichimba mwenyewe.

Hujauliza mengine, lakini msimu wa harusi una madoa yake, na wengine wanaosoma hapa watayahitaji.

Hina kwenye hariri sitakudanganya. Rangi ya hina hushika protini. Ndiyo maana inakaa kwenye ngozi, kucha na nywele, na hariri ni wa ukoo huo. Likiwa bichi, kwangua lile tope bila kulipaka, upitishe maji baridi mengi mara moja. Likikauka, hilo ni la kudumu, na atakayekuahidi kulitoa kwa dawa kali atatoa na nguo. Fundi mzuri wa tarizi anaweza kulifunika kwa ua. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea, ni hivyo hivyo, mbaya zaidi. Bibi harusi na avae khanga kuukuu mpaka hina ikauke na kubanduliwa yote.

Damu, maji baridi tu, upesi. Ikiwa imekauka, loweka sehemu hiyo kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo kwa nusu saa, kisha shampuu. Kwa hariri nyeupe tu, alama inayobaki unaweza kuigusa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa, kwa kijiti cha pamba, dakika chache, ukasuuza. Hiyo ndiyo dawa ya kung'arisha inayovumiliwa na hariri na sufu. Kwa nguo ya rangi usiijaribu, itaipausha. Wala usiichanganye na siki kwenye chombo kimoja. Na kwa kuwa Jik ipo karibu kila nyumba: Jik na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usiziweke pamoja hata kwenye beseni la kuoshea choo.

Jasho la kwapani huiua hariri kimya kimya. Chumvi zake huipausha na kuidhoofisha, na dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za alumini huacha ugumu wa njano. Usirudishe gauni kabatini ukisema ulilivaa saa tatu tu. Likivuliwa usiku, kesho lisuuzwe. Manukato nayo yapulizwe mwilini kabla ya kuvaa, yakauke, ndipo gauni lishuke.

Pini za ushungi, kwa unyevu wetu wa pwani, huacha kutu. Ndimu na chumvi ni tiba ya kale na ni tiba kweli, lakini kwa pamba nyeupe. Kwenye hariri nyeupe weka tone la ndimu bila chumvi, dakika mbili tatu, usuuze, wala usianike juani ikiwa na ndimu. Jik juu ya kutu hulifanya doa ligande kabisa. Nunua pini za chuma cha pua, uzitoe kila unapovua.

Ukungu unatokana na kuhifadhi nguo ikiwa na unyevu, au kuiacha kwenye mfuko wa plastiki iliyorudi nao kutoka drai klini. Utoe mfuko huo siku ile ile. Nguo ya hariri ikae kwenye foronya ya pamba au ifunikwe khanga safi. Ukungu uliokwisha ingia ukaupigie brashi nje ya nyumba, usivute vumbi lake, kisha uanike nguo kivulini penye upepo.

Kuanika: hariri na viskosi zianikwe kivulini. Laza gauni juu ya taulo kavu, ulikunje nalo pamoja kama mkeka, ulikandamize kwa viganja ili taulo linywe maji, kisha ulifunue na kulitundika kwenye henga pana ya plastiki au mbao. Henga ya waya hutoa kutu na kuchongoa mabega. Usilibane kwa vibanio vya kamba.

Pasi isiguse chochote mpaka umeshatazama doa mchana, kwenye mwanga wa jua, nguo ikiwa imekauka kabisa. Doa likiwa bichi hujificha. Likipigwa pasi limekwisha pikwa humo, iwe ni maziwa, sukari au rangi ya chakula. Ukiridhika, geuza ndani nje, pasi kwenye alama ya hariri, na kitambaa chembamba cha pamba kati ya pasi na nguo. Usinyunyizie maji kwa mkono, kila tone litaacha duara.

Kwa hiyo, mdogo wangu, leo jioni usifue chochote. Funga chupa ya Jik, pitisha maji baridi kwenye ushungi kwa kuwa una maziwa, kwangua rangi ya mdomo kwenye kanzu, na gauni likiwa limekauka lilaze kwenye taulo na unga wake mpaka asubuhi. Chomoa ule uzi kwenye upindo kesho mchana. Ukigundua kwamba gauni ni la poliesta, usisikitike: shampuu, siki na hata spiriti litazivumilia vizuri kuliko hariri, kasoro moja tu ni kwamba poliesta hung'ang'ania mafuta, kwa hiyo hatua ya unga utairudia mara nyingi zaidi. Ukigundua ni hariri halisi, fuata mpangilio ule ule, mafuta kwanza, rangi baadaye, jua mwisho, na kati ya hatua moja na nyingine liache gauni likauke ulitazame upya.